Simu inanipeleka mita 300 mbali na kiwanja nilichonunua, nimepigwa au GPS ndo mbovu?

Kisarawe_Mpya

Wakuu habari za wikiendi, naombeni msaada maana mwenzenu tangu juzi usingizi wenyewe wa mang'amung'amu.

Mwezi wa nne nilinunua kiwanja upande wa Kisarawe, 20 kwa 25, kimepimwa, muuzaji akanipa kopi ya ramani ya upimaji yenye namba za bikoni nne (yale mawe ya mpaka) na pembeni kuna jedwali la namba ndefu ndefu, safu moja imeandikwa E nyingine N. Siku ya kuoneshwa tulienda na dalali na mjumbe, nikaona bikoni mbili kwa macho yangu, zile mbili nyingine wakasema ziko kwenye majani zitatafutwa tu. Nikaridhika nikalipa, tukaandikishana kijijini, maisha yakaendelea.

Sasa jumamosi nikasema ngoja niende mwenyewe bila dalali nikazitafute zile mbili. Nikapakua apu moja ya bure ya GPS inayokubali namba za aina hiyo, inaitwa UTM, nikachagua zoni 37 kusini kama alivyonielekeza jamaa mmoja kazini, nikaingiza namba za bikoni ya kwanza. Ile nimefika tu pale nilipooneshwa, simu inasema bado, endelea mbele. Naenda. Bado. Nikavuka korongo, nikapita kwenye mikorosho ya watu, mwisho simu inalia tii umefika, nanyanyua kichwa niko uani kwa mama mmoja anaanika makopa ananiangalia tu. Ananiuliza umepotea mwanangu? Nikashindwa hata kumjibu, ningemwambia nini, kwamba karatasi yangu inasema hapa ni kwangu?

Nikajaribu bikoni ya pili, ya tatu, zote ziko palepale nyumbani kwa yule mama. Umbo la kiwanja linatoka sawasawa kabisa 20 kwa 25 ila liko sehemu nyingine, kama mita mia tatu na kidogo kutoka nilipooneshwa.

Nimeuziwa kiwanja cha mtu kwa karatasi ya kiwanja kingine? Au simu yangu ndo haina akili? Simu ni ya kawaida tu ya laki tatu na nusu. Nisaidieni kabla sijamfuata dalali kwa ubaya.

Sina_Hamu

Umepigwa. Pole sana.

Mimi mwaka jana Mkuranga ilinitokea hivyohivyo, naoneshwa kiwanja hapa, karatasi nikiingiza kwenye simu inanipeleka ng'ambo ya barabara kwenye minazi ya mzee mmoja hataki hata salamu. Nikamwambia dalali arudishe hela, akaanza zile za bosi karatasi iko sawa bosi karatasi iko sawa, nikaona huyu ananichezea, nilikuwa nimetoa nusu nikaisusa, sikumalizia, na eneo sijakanyaga tena. Hawa watu wana karatasi moja wanazunguka nayo wanauzia watu kumi. Nenda polisi.

Fundi_wa_Simu

Taratibu jamani, tusimpeleke mtu polisi kabla hatujaangalia setingi.

Mkuu Kisarawe_Mpya, siku ile apu ilikuwa inaandika usahihi wa mita ngapi? Kwa kawaida chini kuna kitu kama ± halafu namba. Ulikuwa sehemu ya wazi au chini ya miti? Na umezima kile kipengele cha kubana betri? Maana simu nyingi ukiwasha kubana betri GPS inakuwa inalala lala, inakuonesha ulipokuwa dakika mbili zilizopita.

Ila niseme ukweli, simu hata iwe ya bei gani, kwenye eneo la wazi inakosea mita tano hivi, ukiingia kwenye miti minene labda kumi, kumi na tano. Mia tatu sio kosa la simu hilo. Kuna kitu kingine.

Kisarawe_Mpya

Iliandika ± 4 mkuu, na pale kwa mama makopa ni peupe kabisa.

Mzee_Theodolaiti

Kijana, usimfuate mtu kwa ubaya. Nijibu maswali matatu kwanza.

Ukisimama pale ulipooneshwa, simu inakupeleka upande gani? Sio mbele au nyuma, nataka kaskazini, kusini, na kadhalika. Umbali wake ni ngapi kamili? Na tatu, ile ramani, angalia pembeni au chini kwenye maandishi madogo, imeandikwa nini kuhusu koodineti? Soma yote, hata yaliyofifia.

Kisarawe_Mpya

Shikamoo mzee wangu.

Nimechukua karatasi sasa hivi. Chini kabisa kuna maandishi madogo kopi imefifia ila inasomeka UTM, halafu Arc 1960. Nilidhani ni mwaka wa kutengenezwa hiyo fomu.

Upande, nimefungua ramani ya simu nimeangalia zile alama nilizohifadhi, nyumba ya yule mama iko kaskazini ya pale nilipooneshwa, imelala kidogo upande wa magharibi. Umbali apu inasema 314.

Mzee_Theodolaiti

Marahaba. Lala usingizi kijana, kiwanja chako kiko pale ulipooneshwa. Hujaibiwa na simu yako haina ubovu wowote. Mlikuwa mnaongea lugha mbili tofauti, wewe na simu.

Nieleze maana nimefanya kazi hii ya upimaji tangu enzi za theodolaiti (ile darubini ya kupimia pembe) na mnyororo mpaka nimestaafu, na hili jambo limegombanisha watu wengi.

Zile namba E na N ni umbali tu. N inahesabiwa kutoka Ikweta, na kwa sisi wa kusini Ikweta imepewa thamani ya mita milioni kumi ili namba zisiwe za hasi, ndio maana N yako itakuwa inaanza na 9 milioni laki mbili na kitu. E inahesabiwa kutoka mstari wa kati wa zoni (dunia imekatwa vipande vya kusimama, kila kipande ni zoni), mstari huo umepewa laki tano. Zoni 37 mstari wake wa kati ni longitudo 39, na huo unapita hapohapo karibu na Kisarawe, kwahiyo E yako ni laki tano na elfu chache. Sijaiona karatasi yako lakini nadhani sijakosea.

Sasa, umbali kutoka wapi na juu ya umbo gani? Dunia sio mpira wa duara, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwahiyo kila mfumo wa kupimia unaanza kwa kuchagua umbo la yai fulani la kuiwakilisha dunia na kulishikiza mahali. Hiyo ndiyo datamu. Arc 1960 ndiyo tuliyoitumia Tanzania, Kenya na Uganda miaka yote, umbo lake ni la Clarke wa 1880, lilishikizwa ili likae vizuri hapa kwetu Afrika, na jina lenyewe Arc linatokana na mlolongo wa vipimo uliofuata longitudo ya 30 kupanda kutoka kusini mwa bara hili. Watu walipima kwa minyororo na darubini vilimani, hakuna setelaiti hata moja juu. GPS ilivyokuja, Wamarekani wakatumia datamu yao ya WGS 84, ambayo kitovu chake ndicho kitovu cha uzito wa dunia nzima. Vitovu vya hayo mayai mawili havikai pamoja, vimeachana mita mia tatu na arobaini hivi.

Matokeo yake hapo kwenu: nukta ileile moja ardhini, jiwe lilelile, ukiliandika kwa WGS 84 E yake inakuwa kubwa kwa kama mita 95 na N yake inakuwa ndogo kwa kama mita 300 kuliko ukiliandika kwa Arc 1960. Ukichukua namba za Arc ukamlisha mtu wa WGS 84 bila kumwambia, anakupeleka kaskazini mita 300 na magharibi mita 95. Piga hesabu ya pembetatu unapata 315 hivi. Wewe umeniambia 314, kaskazini umelala magharibi. Ndio maana niliuliza upande kwanza. Ungeniambia mita 300 kusini au mashariki, hapo ningekwambia tuanze kuwa na wasiwasi na huyo dalali.

Na umbo kutoka sawasawa 20 kwa 25 ni kwa sababu bikoni zote zinasogezwa pamoja kwa kiasi kilekile. Ungekuwa umeuziwa karatasi ya kiwanja kingine, isingekuwa rahisi kwa bahati tu iangukie kwenye mita 315 za upande huohuo.

Kisarawe_Mpya

Mzee wangu Mungu akuweke. Nimesoma mara tatu. Kumbe 1960 sio mwaka wa fomu daah.

Sasa hiyo lugha naibadilishaje? Nimepekua setingi za hiyo apu nzima sioni Arc wala nini.

Dada_Msitu

Mzee kamaliza. Naongezea upande wa vifaa vya mkononi maana mimi kazi yangu ni kuhesabu miti porini na tunatembea na Garmin eTrex kila siku.

Kwenye hizo unaingia Setup, halafu Position Format. Hapo kuna mistari, wa kwanza unachagua UTM UPS, wa chini yake umeandikwa Map Datum, ukifungua kuna orodha ndeefu kama majina ya msibani, shuka kwenye A utaikuta Arc 1960. Basi. Kuanzia hapo unaingiza namba za karatasi kama zilivyo na inakupeleka penyewe.

ILA sasa, na hapa nipo kwa ushuhuda, ukimaliza RUDISHA. Mwaka fulani tuliazima kifaa kwa watu, hatukukagua, tukaingia porini siku sita tunachukua nukta za sampuli kila mita mia mbili na hamsini, tunaandika namba kwenye fomu kwa kalamu kama watoto wazuri. Kurudi kuweka kwenye kompyuta, nukta zetu zote zimetoka msituni ziko kwenye mashamba ya mpunga. Aliyetumia kabla yetu alikuwa anatafuta mipaka kaiacha kwenye Arc, sisi tukaandika namba za Arc tukadhani za WGS. Uzuri tuligundua kwa kuwa zote zimesogea sawasawa, tukabadilisha kwenye kompyuta ikaisha, lakini ile hofu ya siku ya kwanza, bosi amekaa kimya anaangalia skrini, siitamani tena.

Kitu ambacho wengi hawajui, kile kifaa ndani kinahifadhi vizuri tu, datamu inabadilisha namba za kuoneshwa na za kuingizwa. Kwahiyo ukihifadhi nukta kwenye kifaa na kuihamisha kama faili huna shida. Shida ni macho na kalamu. Siku hizi kwenye fomu zetu kuna kisanduku cha datamu, mtu asipojaza fomu yake hatuipokei.

Halafu mkuu ukiazima ile eTrex 10 usishangae mshale wake unazunguka kama umepagawa ukisimama, ile haina dira ndani, inajua upande kwa kutembea tu. Tembea hatua kumi utulie utaona unanyooka.

Nanyuki_Kwetu

Salamu kutoka Kenya wadau. Hapa kwetu mambo ni hayohayo, ramani za zamani ni Arc 1960, na tena mko na bahati, sisi ramani nyingi za mashamba za kitambo ziko kwa mfumo mwingine tena unaitwa Cassini, hapo hata uweke Arc bado umepotea, lazima surveya akubadilishie.

Langu ni la zoni. Mimi niko Nanyuki, Ikweta inapita hapa mjini, watalii wanapigwa picha kwa kibao. Shamba la babangu liko upande wa kaskazini kama kilomita mbili kutoka kwa hiyo laini. Northing yake (ile N) ni elfu mbili na kitu, si milioni. Mimi na haraka zangu nikaacha simu kwa 37 kusini badala ya 37 kaskazini. Apu moja ilikataa ikasema namba si sahihi. Ya pili ikakubali. Ikanitupa Antaktika, kwa barafu, karibu kabisa na ncha ya kusini. Maana kilomita elfu mbili... pole, kilomita elfu kumi kutoka Ikweta ukienda kusini ndio umefika mwisho wa dunia, na mimi nilikuwa nimeiambia niko mita elfu mbili pekee kutoka huko. Mzee akaniuliza shamba liko sawa? Nikamwambia liko na baridi kidogo.

Mzee_Theodolaiti

Hahaha, huyo wa Nanyuki kanikumbusha. Na nyie wa Dodoma angalieni zoni. Mpaka wa zoni 36 na 37 ni longitudo 36. Dodoma mjini iko zoni 36 pembeni kabisa, E zake ni laki nane na kitu. Ukitoka hapo ukafika Kongwa umeshavuka uko 37, E zinaanza laki mbili na kitu. Watu wananunua viwanja Dodoma siku hizi wote wanaweka 37 kwa mazoea ya Dar, halafu wanalalamika. Kigoma nako mjini ni 35.

Jingine, msifanye hili la Arc kuwa dawa ya kila ugonjwa. Upimaji wa miaka ya karibuni kuna uliofanyika kwenye TAREF11, huo ni mfumo mpya wa taifa, na kwa mtu wa simu unaweza kuuchukulia kama WGS 84 tu, tofauti yake huwezi kuiona kwa simu. Ukiiweka hiyo kwenye Arc utajipoteza mwenyewe mita zilezile 315 kwenda upande wa pili. Soma kwanza karatasi. Kama haijaandikwa, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaulize namba ya ramani hiyo ilipimwa kwa mfumo gani.

Fundi_wa_Simu

Haya upande wa simu sasa. Nilikuwa najua apu tu, kumbe kuna shule humu ndani, asante mzee na dada.

Tatizo la apu nyingi za simu ni kwamba UTM yake ni ya WGS 84 na haiulizi. OsmAnd kwa mfano inakuonesha UTM vizuri tu, lakini ni WGS 84. Google Maps yenyewe UTM haiijui kabisa, inataka nyuzi za latitudo na longitudo. Inayoelewa kila kitu ni QField, lakini hiyo kwa kawaida unaandaa kwanza mradi kwenye kompyuta na QGIS, kwa kiwanja kimoja ni kama kukodi lori kubebea kitanda.

Njia rahisi nimeijaribu usiku huu na namba za kubuni inafanya kazi. Ingia epsg.io kwenye sehemu ya kubadilisha koodineti. Mfumo wa kutoka andika 21037, hiyo ndo Arc 1960 UTM zoni 37 kusini (ya 36 ni 21036). Mfumo wa kwenda andika 4326, hiyo ni nyuzi za kawaida za WGS 84. Bandika E na N yako, inakurudishia nyuzi zenye desimali. Fanya bikoni zote nne, andika pembeni, halafu bandika kwenye Organic Maps sehemu ya kutafuta, hifadhi kila moja kwa jina la bikoni yake. Ramani ya eneo pakua ukiwa nyumbani kwenye waifai.

Ukishafanya hivyo bando hulihitaji tena. Watu wengi wanadhani GPS inakula bando, GPS ni kupokea tu, simu inasikiliza setelaiti zilizo juu kilomita elfu ishirini na kitu, haitumi kitu, hata ukiwa hali ya ndege inafanya kazi. Bando linaliwa na ramani. Kitu kimoja tu, bila mtandao kabisa na simu ilikuwa imezimwa siku nyingi, mara ya kwanza inaweza kuchelewa kushika, usiikasirikie, iache peupe dakika chache isikilize.

Kisarawe_Mpya

Wakuu nimekwama na ni usiku wa manane. Nimefanya kama alivyosema Fundi, nimebandika Google Maps kwanza nione, imenipeleka Uhispania. Sitanii. Karibu na mpaka wa Ureno, kuna mji unaitwa Badajoz hapo jirani.

Fundi_wa_Simu

😂😂 Umegeuza. Ile tovuti inakupa X kwanza, X ndo longitudo, kwako ni 39. Google Maps inataka latitudo kwanza. Anza na -6 halafu ndo 39. Na usisahau hiyo alama ya kutoa mbele ya 6, ukiisahau utajikuta Ethiopia.

Kisarawe_Mpya

Nimerudi wakuu, nilikuwa kiwanjani leo tangu asubuhi.

Nilienda na panga, jembe, na shemeji. Usiku nilikuwa nimeshaona kwenye ramani alama zote nne zimetua palepale nilipooneshwa, lakini nikasema mpaka nione kwa macho. Bikoni mbili za zamani, simu ilisema umefika nikiwa kama hatua tatu pembeni ya moja, ya pili hatua sita hivi, hapo palikuwa na mwarobaini mkubwa. Kwahiyo mzee ilikuwa kweli, mita 315 zote zimepotea kwa kubadilisha lugha tu.

Ya tatu ndo ilikuwa kazi. Simu inasema hapa, hapa ni magugu mpaka kifuani. Tukafyeka duara kama la chumba kimoja, hakuna kitu. Nikakumbuka simu inakosea mita tano, kwahiyo tukaongeza duara. Shemeji ndo akaikanyaga, kichuma kidogo katikati ya zege kimezama udongoni, tukakisugua na maji ya kunywa namba ikatokea, ni ileile ya kwenye karatasi. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakakimbia.

Ya nne hatujaiona. Tumechimba chimba mpaka saa nane. Pale inapotakiwa kuwepo jirani ameanza kupanga matofali ya uzio. Nimepiga picha simu inaonesha alama ya bikoni iko ndani ya upande wake kama mita moja na nusu. Nimfuate? Maana ninao ushahidi wa simu.

Alafu nilipita kwa mama makopa kumwomba radhi. Kanipa muhogo wa kuchemsha.

Mzee_Theodolaiti

Hongera kijana, na mwambie shemeji nampa kazi ya ukarani wa upimaji.

Kwa jirani USIENDE na simu. Nisikilize vizuri. Simu imeshakwambia yenyewe inakosea mita nne tano, leo hii umeona hatua tatu huku hatua sita kule. Unataka kumgombeza mtu kwa mita moja na nusu kwa kifaa kinachokosea mara tatu yake? Kesho naye atakuja na simu yake itasema uzio uko kwake. Kiwanja chenyewe kina upana wa mita 20, mita tano ni robo ya kiwanja. Simu na Garmin ni vya kukufikisha kwenye jiwe. Jiwe likiwepo, jiwe ndio linaongea. Jiwe lisipokuwepo, anaitwa mpima aliyesajiliwa, anakuja na kifaa cha kupima kwa sentimita, anashika bikoni zako tatu zilizopo na za majirani, anairudishia ya nne mahali pake mbele yako, mbele ya jirani na mbele ya uongozi wa kijiji.

Lakini nenda kesho ukamsalimie, mwambie bikoni ya pale haionekani, unaleta mpima, asimamishe matofali kidogo mpaka hapo. Wengi wanakubali. Ukichelewa uzio ukaisha ndio vita inaanza.

Wakati unasubiri, mnaweza kuvuta kamba. Una bikoni tatu na vipimo viko kwenye ramani, kamba ya mita 20 kutoka huku na ya 25 kutoka kule zitakutana sehemu. Hiyo itakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko simu. Chimba hapo kwanza, pengine imezama tu kama ile ya tatu.

Dada_Msitu

Kamba ya katani au tepu, sio ile kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, inavutika hiyo 😄

Kisarawe_Mpya

Mzee nimeelewa, simu naiacha nyumbani. Nitaenda kesho jioni na kamba na shemeji. Nitaleta mrejesho.

Sina_Hamu

Jamani.

Nimekaa nimesoma uzi huu wote kuanzia juu. Nimeenda kutoa ile karatasi yangu ya Mkuranga kwenye droo, imekunjwa kunjwa. Chini imeandikwa Arc 1960.

Minazi ya yule mzee iko upande wa kaskazini wa pale nilipooneshwa. Barabara ikiwa hapa, minazi kule... ndio, kaskazini, kidogo magharibi.

Mzee Theodolaiti shikamoo. Mkuranga nako ni 37? Na mtu aliyesusa malipo akatukana dalali mbele za watu, anaanzaje kumpigia simu?